Pavithran Anaomba Ruhusa

Nilipochumbiwa, shangazi yangu aliniambia naolewa na mpiganaji. "Mwanafunzi wa Ambu Gurukkal huyo," alisema. "Upanga, rungu, mkuki, vyote anacheza. Hakuna mwizi atakayesogelea kuku wako." Nikajiona nimepata. Wiki ileile ya harusi, tukitoka hekaluni, beberu la mbuzi la jirani likasimama katikati ya uchochoro na kutukazia macho. Mpiganaji wangu akanishika mkono, akatupitisha kwenye shamba la mpunga la watu, nikatokea upande wa pili na sari mpya imelowa tope hadi magotini.

"Lilikuwa limefika kwanza," akanieleza.

Huyo ndiye Pavithran. Mchana alikuwa mfumaji kwenye karakana ya ushirika, akifuma mashuka na vitambaa vya mapazia vya watu wa mbali. Alfajiri kabla ya kazi, na jioni baada ya kazi, alikuwa kalari. Kalari yetu, yaani ukumbi wa kujifunzia mapigano, ni shimo lililochimbwa kwenye udongo mwekundu, likajengewa kuta na kuezekwa makuti, na kwenye kona moja kuna madhabahu ya ngazi na taa ya mafuta. Unashuka kwa mguu wa kulia, unagusa ardhi, unagusa paji la uso, kisha ndipo unaanza kuumia. Pavithran alishuka humo mara ya kwanza akiwa na meno ya utotoni, na sijui kama aliwahi kutoka.

Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa gurukkal, yaani mwalimu wa kalari ile. Hakutaka pikipiki, hakutaka nyumba ya zege, wala hakutaka sana hata watoto wa kiume, jambo ambalo mama yake hakulielewa mpaka alipokufa. Lakini kwetu kalari ina gurukkal mmoja, na ujuzi pekee haukufikishi. Ni lazima gurukkal aliyepo akuwekee mkono kichwani na kutamka kwa kinywa chake kwamba ufundishe. Kabla ya hapo, hata mtoto akikunja goti vibaya mbele yako, unatazama pembeni.

Watu wakisikia neno gurukkal hudhani ni mzee wa hekima. Ambu Gurukkal alikuwa mzee wa tambuu. Alitafuna toka macheo hadi machweo, akatema kila mahali isipokuwa ndani ya kalari, na maneno yake mengi yalikuwa matusi. Ila alikuwa fundi, hilo simnyimi. Tena kwetu gurukkal ndiye anayevunja na ndiye anayeunga. Akikufundisha pigo la kumlemaza mtu, anakufundisha na dawa yake. Kwa hiyo mlangoni kwake hakukuwa na foleni ya mashujaa. Walikuwapo wagema walioanguka minazini, akina mama wenye viuno vibovu, na madereva wa lori wasioweza kugeuza shingo.

Mwezi wa mvua kubwa, ambao kwetu hakuna anayeoa wala kuhamia nyumba, ndio mwezi wa kukanda. Unalala mkekani ukiwa na ubinda tu, unamiminiwa mafuta ya moto, na mkandaji, akijishikilia kwenye kamba iliyofungwa kwenye boriti, anakukanyaga kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo. Ambu Gurukkal alipozeeka miguu ikamgomea. Akamtazama Pavithran, akamwambia, "Wewe Pavi, una nyayo kama mandazi. Panda." Basi hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa ya kukanda. Haikuhitaji sherehe, maana mzee alikuwa na usingizi.

Mpwa wa mzee, Rajeevan, mtoto wa dada yake, hakutaka kusikia habari ya kukanda. "Mimi ni mpiganaji," alisema, "si mkanyaga migongo ya vibibi." Na kweli Rajeevan alikuwa anapendeza kumtazama. Akiruka kupiga teke, wasichana waliopita wakipeleka mafuta ya kuwashia taa hekaluni walikuwa wanasahau njia ya kurudi. Pavithran, aliyemzidi miaka mingi, ndiye aliyemshika kiuno alipokuwa anajifunza kusimama kwa mguu mmoja. Sasa Rajeevan akimpita hewani anamwambia, "Inama, kaka, nisikuchome na kidole." Na Pavithran alikuwa anainama.

Mwaka mmoja, kwenye sherehe za mavuno, kalari yetu ikaalikwa kuonyesha mchezo mjini, kwenye jukwaa la mbao. Ambu Gurukkal akatangaza kwamba baada ya mchezo atamtaja mrithi wake mbele ya watu. Sikulala vizuri wiki nzima. Pavithran alilala kama kawaida, akikoroma, ila mikono yake ilikuwa inacheza juu ya shuka.

Siku yenyewe mzee aliketishwa upande mmoja wa jukwaa, taa ikiwa pembeni yake. Rajeevan na Pavithran wakacheza upanga na ngao. Nakwambia walicheza mpaka mtu wa karanga akaacha kuuza. Rajeevan alikuwa moto wa kuotea mbali, na Pavithran alikuwa kila mahali ambapo upanga wa Rajeevan ulikuwa unakwenda, amefika kabla. Wakamaliza, watu wakalipuka kwa shangwe. Rajeevan akageuka, akampa mjomba wake mgongo, akawaunganishia watu viganja, akaruka chini kupitia ngazi.

Pavithran hakugeuka. Gurukkal na taa havipewi mgongo. Unatoka kinyumenyume, umeinama, macho mbele. Kalari yetu ina urefu wake, na miguu yake ilikuwa inaujua. Jukwaa la mji lilikuwa fupi. Alirudi hatua moja, nyingine, nyingine, viganja vimeunganishwa, uso umejaa adabu, kisha akatoweka. Kilichosikika ni sauti ya sufuria. Chini pale walikuwa wameweka mtindi wa tangawizi, pilipili na majani ya mchuzi wa kuwanywesha wachezaji, na mume wangu alikuwa amekaa ndani yake.

Mji mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nilimpangusa majani ya mchuzi masikioni, na moyoni nilikuwa nashangilia, maana nilisema: yule mzee ameona. Nani atakayempa kalari mtu aliyempa mgongo, na amwache yule aliyekubali kuanguka? Hata Achuthan wa kibanda cha chai, ambaye hakubaliani na mtu yeyote kuhusu jambo lolote, aliniambia, "Shemeji, mumeo kashinda kwa makalio."

Mzee akainuka, akatema tambuu, akaweka mkono kichwani kwa Rajeevan.

Pavithran alikwenda kumgusa miguu kama inavyopasa, bado anatiririka mtindi. Nilikuwa nyuma yake, nikamsikia mzee kwa masikio yangu. "Usininunie, Pavi. Huyu ni wa damu yangu, na watu wanapenda kumtazama. Wewe nani atakutazama? Wewe kanda."

Mvua zilizofuata mzee akafariki. Kabla ya vumbi la matanga kutulia, Rajeevan akapata viza ya Uarabuni, kama alivyopata kila mwanamume wa kwetu mwenye viungo kamili miaka hiyo. Pavithran alipopata habari akavaa shuka safi, akachukua majani ya tambuu na sarafu juu yake kama desturi ilivyo, akaenda kuomba ruhusa ya kufundisha wakati mwenyewe hayupo. Alimkuta Rajeevan ameshaingia kwenye teksi, masanduku yamefungwa juu kwa kamba.

"Kaka, gari imeshawaka," Rajeevan akasema dirishani. "Nikirudi tutaongea."

Akaondoka na kalari yetu kifuani, kama mtu aliyesahau kurudisha ufunguo wa jirani.

Miaka ikapita. Wazazi walikuwa wanakuja kwetu, wamewashika watoto mikono. "Pavithran, tufundishie hawa." Naye anawakaribisha, anawapa chai, anawapa ndizi, anawaambia hana ruhusa. Watoto wakaenda kwa kijana mmoja mjini aliyejifunza karate kwa muda mfupi kuliko ulionichukua mimi kujifunza kushona blauzi. Kijana yule alikuwa na nguo nyeupe na filimbi. Mume wangu alikuwa na kila kitu isipokuwa idhini ya mtu mmoja aliyeko jangwani.

"Shemeji," Achuthan akawa ananiambia kila nikienda kununua sukari, "mumeo ni duka limejaa bidhaa, na mwenye duka kasimama mlangoni anafukuza wateja."

"Mwambie mwenyewe."

"Nilimwambia. Akanikanda bega. Bega limepona, lakini jibu sikupata."

Nilimpigia kelele, jamani. Sikuolewa na jiwe, niliolewa na mtu, na nilitaka mtu huyo akasirike. "Baba Sindhu, hata mara moja tu! Mfundishe binti yako mwenyewe hapo uani, nani atajua?" Anajibu, "Mimi." Kisha anakwenda kufagia kalari tupu, anawasha taa, anafanya mazoezi peke yake akijiitia mwenyewe, maana kwetu mwalimu haonyeshi kwa mwili, anaita. Ana maneno yake ya kale, mstari baada ya mstari, na kila neno ni tendo la kiungo: chuchumaa, geuka, ruka, piga, inama. Mwanafunzi anasikia na mwili unakwenda. Wenzake wa karakana walisema hata akiwa kwenye mtambo wa kufumia alikuwa anayanong'ona, na shuka zake zilikuwa zinatoka zimebana kuliko za wote.

Halafu Rajeevan akarudi.

Alirudi na miwani ya jua, manukato ya kuua mbu, na redio ya kaseti kubwa kama jeneza la mtoto. Alisema alikuwa anawafundisha walinzi wa tajiri mmoja mkubwa huko Sharja. Watoto wakamfuata barabarani. Lakini mimi niliona jinsi alivyoshuka kwenye gari: alitoa mguu mmoja, akapumzika, akashika mlango, akatoa wa pili. Na aliposimama alikuwa amepinda kama mpini wa jembe uliokatwa kwenye mti mbaya.

Siku tatu hazikuisha, huyo mlangoni kwetu. "Kaka, mgongo. Walinzi wale wanapiga sana."

Nikamvuta mume wangu jikoni. Nilikuwa na furaha mbaya, sikatai.

"Mungu amekuletea," nikamwambia. "Mlaze mkekani. Mkanyage mpaka katikati, halafu simama hapohapo juu ya kiuno, umwambie: ruhusa kwanza."

"Vilasini!"

"Nini? Umwambie kwa adabu. Ukiwa umesimama juu yake."

"Mgonjwa hauziwi dawa kwa namna hiyo. Mgonjwa ni mgonjwa."

"Na mjinga ni mjinga!"

"Mafuta yanaungua," akaniambia, na kweli yalikuwa yanaungua.

Kabla ya kumkanyaga mtu, mkandaji huinama, akaugusa mwili ule kwa vidole, akavipeleka kwenye paji la uso lake, kuomba radhi kwa miguu itakayopanda juu yake. Nilimwona Pavithran akimwomba radhi Rajeevan. Nikatamani kumrushia kikaango. Akashika kamba, akapanda, akaanza. Alimkanda hivyo mwezi mzima wa mvua, kila asubuhi, na siku za mwanzo Rajeevan alikuwa analia kwa sauti ambayo redio yake haikuweza kuifunika.

"Huyu hakufundisha mlinzi yeyote," Pavithran akaniambia siku moja tukila uji wa mchele. "Mgongo ule umebeba magunia. Bega la kulia, tena kwenye ngazi, muda mrefu."

Nikapiga makofi kwa raha. "Kuli! Mwalimu wa walinzi ni kuli! Ngoja Achuthan asikie..."

Akaweka kijiko chini. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona akiwa karibu hivyo na hasira. "Ukisema neno hilo nje ya nyumba hii, sikandi tena mtu. Nimelisoma kwa miguu, si lako kulisoma kwa mdomo."

Sikusema. Iliniuma kama jino, lakini sikusema.

Mvua zikakatika na Rajeevan akanyooka. Alitembea barabarani kifua mbele, miwani usoni. Wiki iliyofuata akatangaza harudi Uarabuni. Ataifungua upya kalari ya mjomba wake. Akaagiza kibao kwa fundi rangi: jina lake kwa herufi nyekundu, na chini picha ya mtu anayeruka, mwenye misuli hadi kwenye masharubu.

"Hongera," nikamwambia mume wangu. "Umemnyoosha mgongo ili apate pa kukukalia."

"Lakini taa itawaka kila siku," akasema. Nikatazama uso wake, na yule mtu alikuwa anafurahi kweli. Ndipo niliposhindwa kujizuia nikalia, naye akadhani nina homa.

Siku ya kufungua, shimo lilijaa. Wazazi kwenye mlango, watoto wamepakwa mafuta na kufungwa ubinda, wamepangwa mistari. Na kwenye mstari wa kwanza, kati ya watoto wanaomfika kitovuni, alisimama mume wangu, mvi kifuani, kama mwanafunzi. Alikuwa amemgusa Rajeevan miguu pamoja na wengine wote. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya mafuta ya kuwashia taa, na Achuthan pembeni yangu, maana alikuwa amefunga kibanda asikose.

Rajeevan akasimama kwenye kona ya madhabahu, akakohoa, akaanza kuita. Sauti alikuwa nayo. Mstari wa kwanza ukatoka, miili yote ikashuka. Mstari wa pili, mguu wa kulia wa kila mtu ukapanda juu, umenyooka, kichwa mbele, mikono imeunganishwa. Mstari wa tatu haukuja.

Sasa, kwenye kalari hushushi mguu mpaka neno linalofuata litamkwe. Rajeevan akatazama dari. Akarudia mstari wa pili, lakini mguu ulikuwa umeshapanda, haukuwa na pa kwenda. Akasogeza midomo. Miaka ya magunia ilikuwa imekaa mahali pa maneno yale. Mtoto wa mwisho akaanguka, puu. Kisha wa pembeni yake. Kisha mstari mzima wa nyuma, mmoja akimdaka mwenzake. Pavithran alikuwa bado kwenye mguu mmoja, ule mwingine hewani kama boriti, jasho likimdondoka puani, na kila mtu aliyekuwa pale mlangoni alijua kwamba neno lile liko mdomoni mwake.

"Sema!" nikanong'ona.

Hakusema.

"Baba Sindhu, sema, watoto wanaanguka!"

Akatikisa kichwa, kidogo, asipoteze mizani. Mwanafunzi hafungui kinywa mbele ya gurukkal wake. Na kuita ni kufundisha, na kufundisha kunataka ruhusa.

"Huyu," Achuthan akasema kwa sauti ya mtu aliyeko hekaluni, "atakufa amesimama hivyo, na tutamzika na mguu wake juu."

Mwishowe Rajeevan akapiga makofi. "Leo ilikuwa baraka tu," akatangaza. "Masomo kamili kesho." Wazazi wakachukua watoto wao wakaondoka wakizungumza chini kwa chini, na nilisikia mmoja akitaja filimbi ya yule kijana wa karate. Pavithran, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ashushe mguu, aliushusha wa mwisho kabisa.

Nilibaki, kwa kisingizio cha mafuta. Rajeevan alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, amevua ile miwani. Bila miwani alikuwa na macho ya mtu aliyechoka siku nyingi.

"Kaka, ulikuwa unajua neno."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha niaibike mbele ya watu."

"Sikuwa na ruhusa."

"Ruhusa gani, kaka? Ungetamka tu!"

"Nilikuja kuiomba," Pavithran akasema taratibu. "Gari ilikuwa imeshawaka."

Rajeevan akaiweka miwani kando. Kisha akasema, akitazama udongo, "Nimesahau yote. Si ule mstari tu. Nilikuwa nabeba magunia, kaka. Na wewe ulijua tangu siku ya kwanza uliponipanda, maana uliniomba radhi mara mbili, kabla ya kupanda na tena uliposhuka." Akajifuta pua kwa mkono. "Nifundishe upya."

Nikasema moyoni, hatimaye. Na mume wangu, ambaye amelisubiri neno hilo tangu meno ya utotoni, akajibu nini?

"Siwezi. Sina ruhusa ya gurukkal."

"Gurukkal ni mimi!"

"Ndiyo."

"Basi nakupa! Chukua!"

"Haichukuliwi. Inaombwa."

"Haya, omba!"

"Sina tambuu."

Sikungoja nitumwe. Nilikimbia, mwanamke mzima, sari mkononi, hadi kibandani kwa Achuthan, nikamkuta anawasimulia wateja habari ya mguu. Nikanyakua majani ya tambuu kwenye beseni lake. "Andika deni," nikamwambia. "Kwa ajili ya nani?" akaniuliza. Nikamjibu, "Kwa ajili ya wendawazimu wawili," nikarudi mbio.

Nikawakuta wanabishana nani ainame kwanza. Rajeevan alikuwa anasema yeye ndiye anayeomba kufundishwa, kwa hiyo aanze. Pavithran anasema mwanafunzi hawezi kutoa ruhusa, na ukishainama kwa mtu wewe ni mwanafunzi wake, kwa hiyo lazima Rajeevan atoe ruhusa akiwa bado amesimama. Rajeevan, aliyekuwa amechoka kusikiliza, akainama. Pavithran, kwa kuogopa kutanguliwa, naye akainama. Vichwa vikagongana kwa mlio ambao ninauhesabu kuwa ndilo pigo la kwanza mume wangu kumpiga mtu.

Walikaa chini wote wawili, wameshika vipaji vya nyuso, na Rajeevan akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mgongo. Pavithran hakucheka. Alisubiri mwenzake amalize, akanipokea tambuu, akaweka sarafu juu, akanawa mikono kwa maji ya kopo, akasimama mbele ya yule ambaye yeye mwenyewe alimshika kiuno enzi zile, akainama hadi chini na kuigusa miguu yake. Rajeevan akaacha kucheka. Mkono wake ulipokuwa unateremka kuelekea kile kichwa chenye mvi, niliuona unasitasita.

"Kibao kibaki na jina langu," akasema haraka. "Nimeshamlipa fundi."

"Kibaki," Pavithran akajibu kutoka chini.

"Basi fundisha."

Lilikuwa neno moja tu. Miaka yote ile, mashuka yote yale, mtindi, matusi ya mzee, kelele zangu jikoni, na kilichokuwa kinangojwa kilikuwa neno ambalo mtu angeweza kulitamka akiwa dirishani mwa teksi.

Kisha Rajeevan naye akainama, kama alivyotaka tangu mwanzo, nyayo za mume wangu mikononi mwake. Pavithran akamwekea mkono kichwani, akamwonyesha kwa kidevu mahali pa kusimama, na mwenyewe akaenda kwenye kona ya madhabahu, pale alipokuwa anasimama Ambu Gurukkal, pale ambapo yeye alikuwa amefagia kila wiki bila kupakanyaga. Akavuta pumzi. Akaita.

Nimeishi na mtu huyu hadi tuna mjukuu, na sauti ile sijawahi kuisikia ndani ya nyumba. Sauti ya mtu anayeogopa mabeberu haikuwamo. Njiwa walitoka kwenye makuti. Mstari wa kwanza ukatoka, Rajeevan akashuka. Wa pili, mguu ukapanda. Wa tatu, ule uliopotea, ukaja umetimia, mwili wa Rajeevan ukaukumbuka kabla ya yeye mwenyewe kuukumbuka, ukageuka, ukateremka chini kabisa, mapaja sambamba na udongo, mikono mbele.

Wa nne haukuja. Nikashtuka nikadhani naye amesahau. Nikachungulia kwenye kona. Pavithran alikuwa amesimama na mdomo wazi, machozi yanamtiririka hadi kwenye kidevu, hawezi kutoa sauti, wala hafuti, kwa sababu gurukkal anapoita hagusi uso wake. Na mwenye kalari, ambaye jina lake liko nje kwa herufi nyekundu, alibaki amechuchumaa pale chini, mapaja yanamtetemeka, bila kuinuka hata kidogo, akimsubiri mwalimu wake amalize kulia.